Nyumba Iliyofuata Filimbi

Kila Shaibu alipomaliza kutengeneza filimbi mpya, mkewe Mboni aliepua sufuria ya maharage, akaifunika ndoo ya maji kwa sinia, akaliegemea kabati la vyombo kwa bega lisije likayumba. Kisha aliita kuelekea uani, "Tayari!"

Uani Shaibu alikuwa ameketi kwenye kigoda, mbele ya kichwa cha treni chenye urefu wa mkono wa mtu mzima, kikichemsha maji yake juu ya kipande cha reli. Alibonyeza mkono wa vali. Filimbi ililia, nzito na ndefu, na nyumba ikasogea mbele upana wa kiganja kuelekea barabarani. Halafu Shaibu alivaa glavu, akakigeuza kichwa cha treni kikatazama nyuma, akapiga filimbi tena, na nyumba ikarudi mahali pake. Mboni alirudisha sufuria jikoni.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, vyumba huku na huku na ukumbi katikati, iliyoko Ilala, mitaa michache kutoka soko la Mchikichini. Treni ya Pugu ilipopita ikipiga honi, nyumba ilitulia tuli. Ilisikiliza filimbi za Shaibu tu. Majirani walizoea. Aliyekuwa amekaa barazani wakati wa majaribio alinyanyua miguu, akaendelea na maongezi yake.

Shaibu alitengeneza filimbi na vali za vichwa vidogo vya treni, vile vya watu wanaopenda treni ambazo hazipo tena. Shaba aliinunua kwenye maduka ya vyuma ya mtaa wa Gerezani, na nyingine aliitoa kwenye fimbo za mapazia za mitumba. Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Filimbi ni bomba lililozibwa, lenye mdomo uliokatwa ubavuni, na ndani ya mdomo huo kuna kisahani kinachoacha mwanya mwembamba kama ukucha. Mwanya ukiwa mpana, mvuke unapita bila kusema kitu. Ukiwa mwembamba mno, unapiga kelele za panya. Wateja wengi walitaka filimbi fupi, kwa kuwa treni yenyewe ni ndogo. Shaibu aliwaambia kuwa treni unaweza kuipunguza ukubwa lakini mvuke haupungui, ni uleule. Alitengeneza filimbi ndefu na kuificha tumboni mwa treni, katikati ya magurudumu, ili ilie kama treni za zamani zilizokwenda Tabora.

Vali ilikuwa na gololi ndogo iliyokaa juu ya tundu, na springi ya kuikandamiza. Takataka ndogo kabisa ikikaa chini ya gololi, mvuke unavuja na filimbi inakoroma. Kwa hiyo maji ya bwela, lile tangi la kuchemshia mvuke, yalikuwa kazi ya Mboni. Aliyakinga ya mvua, akayachuja kwa kipande cha khanga kuukuu, mara mbili, na kuyaweka kwenye dumu ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Hawakujaliwa watoto. Kiwanja kilikuwa cha baba yake Shaibu, na mzee alipofariki hati ilibaki kwa watoto wake wawili, Shaibu na mdogo wake Hamis aliyeuza viatu Mchikichini. Nyumba aliijenga Shaibu. Mara kadhaa Hamis alikuja na mtu mwenye gari kubwa jeupe, wakasimama ng'ambo ya barabara wakitazama juu, mahali ambapo ghorofa zingekuwepo. Shaibu aliwakaribisha chai. Kuhusu kiwanja alisema, "Mke wangu akae kwanza ndani ya nyumba yake mpaka achoke mwenyewe. Tukishaondoka sote wawili, jenga hata mpaka mawinguni."

"Kaka, mimi nimeuliza tu," Hamis alisema.

Shaibu alifia Gerezani, kwenye benchi la duka la vyuma. Alikuwa amechagua fimbo ya shaba, akakaa apumzike kidogo, na mwenye duka alipokuja kumwamsha hakuamka. Walimzika makaburi ya Kisutu siku ileile, baada ya alasiri.

Matanga yalipoanuliwa, Hamis alisimama ukumbini mbele ya watu wote, macho yamevimba. "Nyumba ya kaka ni ya shemeji," alisema. "Mimi Hamis sitaigusa. Hata bati moja. Mtakaokuja kusikia vingine, nifuateni mniulize." Watu waliitikia amina. Mzee Pius, mjumbe wa mtaa, alimshika bega.

Mboni akaingia eda. Alivaa nguo nyeupe, akavua hereni, akaacha wanja, na akakaa ndani ya nyumba ya mume wake kama alivyofundishwa na mama yake na shangazi zake. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na katika muda huo hatoki. Dirisha la chumbani alilifunga. La ukumbini alilitundikia pazia zito. Aliyetaka kumwona aliingia yeye.

Hamis alikuja kila siku baada ya alasiri. Alileta mkaa, samaki, na habari za sokoni. Siku moja alimkuta Mboni amekaa kwenye kigoda cha Shaibu, kichwa cha treni mbele yake, baridi.

"Unataka nikiwashe, shemeji?" aliuliza.

"Unaweza?"

"Kaka alinifundisha. Maji yapo?"

Mboni alileta dumu. Hamis alimimina, akawasha moto, akasubiri kishale cha presha kipande. Mboni aliingia ndani kuepua sufuria. Filimbi ilipolia, alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, mikono kichwani, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Baadaye alimpelekea Hamis chai ya tangawizi.

"Puliza na kesho," alimwambia.

"Nitapuliza kila siku, shemeji. Wewe tu."

"Umeirudisha lakini?"

"Nimeirudisha."

Ikawa ndiyo desturi yao. Maji aliyachuja Mboni, filimbi alipiga Hamis. Wakati mwingine Mboni aliomba, "Tena kidogo," na Hamis alipiga tena. Kila siku Mboni aliuliza kama nyumba imerudishwa, na kila siku Hamis alijibu kuwa imerudi, huku akifuta mikono kwa kitambaa.

Kulikuwa na mambo madogo. Sauti ya muadhini, ambayo siku zote iliingia kwa dirisha la kulia, ilianza kuja kwa nyuma, na kisha kwa kushoto. Harufu ya mihogo ya kukaanga ya jirani yake Stella ilipotea, ikaja harufu ya matairi. Jua lilianza kuingia uani mapema zaidi. Mboni aliyaona yote hayo, na kwa kuwa shangazi zake walimwambia kuwa msiba hubadilisha mtu masikio na pua, hakuyatilia maanani.

Stella alikuja kumtembelea na bakuli la mihogo iliyokwishapoa. Alijitupa kwenye mkeka.

"Jirani, leo nimetembea!" alisema. "Mpaka kandambili imekatika."

"Joto hilo," Mboni alimjibu. "Mwili unakuwa mzito."

Stella alimtazama, akataka kusema neno, akala muhogo.

Mtaa mzima uliona. Nyumba ilitoka kwenye kiwanja baraza ikitangulia, na ua wake, choo chake na kamba ya kuanikia vikafuata. Ilivuka mtaro. Fundi umeme aliunga waya pale ulipokaza. Kwenye kona nyumba ilichukua siku kadhaa, kwa sababu Hamis alilazimika kukigeuza kichwa cha treni kidogo kidogo ili ukuta usiparuze duka la dawa, na mwenye duka alitoka akamwelekeza kwa mikono, "Kata kulia, kata, kata, hapohapo, njoo." Vijana wa bodaboda walihamisha kijiwe chao. Waliosogezwa walisogea tena kesho yake. Kila mtu alidhani familia imekubaliana, na mambo ya familia hayaingiliwi, hasa palipo na mjane.

Siku eda ilipokwisha, shangazi zake Mboni walimwogesha, wakamfukiza udi, wakambadilisha nguo nyeupe wakamvika khanga mpya. Kisha wakamfungulia mlango wa mbele.

Mbele yake kulikuwa na barabara kubwa na malori. Upande mmoja palikuwa na mafundi wa kuziba pancha, upande wa pili mwanamke anauza soksi. Mwanamke wa soksi alimsalimia.

"Pole na msiba, dada. Ndiyo unatoka leo?"

"Ahsante," Mboni alisema. "Hapa ni wapi?"

Mwanamke alimwambia. Mboni aligeukia mlangoni. Aliwauliza shangazi zake kama eda yake imeharibika. Shangazi mkubwa hakuwa na hakika, wakamwita ustadhi wa msikiti wa karibu. Ustadhi alikuja, akasimama upande wa kivuli.

"Ulitoka nje ya nyumba ya mumeo?" aliuliza.

"Sikutoka."

"Basi imetimia. Iliyotoka ni nyumba."

Mboni alikwenda kwa miguu mpaka mtaani kwao. Kiwanja kilikuwa kimezungushiwa mabati mapya ya bluu. Ndani mashine ya zege ilikuwa inazunguka, na nondo zilikuwa zimesimama wima pale palipokuwa na chumba chake cha kulala. Stella alikuwa kwenye karai lake la mihogo. Alipomwona Mboni aliacha kijiko ndani ya mafuta.

"Jirani, mimi nilijua mmeelewana."

"Uliona inakwenda?"

"Wote tuliona. Sasa tungesemaje? Tulikuwa tunasikia unamwambia mwenyewe, puliza tena."

Mboni alirudi kwa miguu mpaka ilipokuwa nyumba yake.

Kichwa cha treni hakikuwepo uani tena. Hamis alikuwa amempa yule mtu wa gari jeupe kama zawadi, na mtu yule alikiweka juu ya meza ya ofisi yake. Kwa hiyo Mboni alipanda bajaji mpaka mjini, kwa Mzee Natvarlal, mteja wa Shaibu wa miaka mingi, aliyekuwa na reli ndogo ya kuzunguka juu ya paa la ghorofa alilokaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Pole sana. Nilikuja kuzika, lakini wewe hukuniona."

Mboni alimweleza. Mzee Natvarlal alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Na hapa kwako, mzee, ikilia?" Mboni aliuliza.

"Ghorofa hili zito. Linatikisika kidogo, basi. Wapangaji wa chini wamezoea." Alikwenda kabatini akatoa treni yake nyeusi, akaipangusa. "Filimbi yake Shaibu hii. Chukua. Ukimaliza, rudisha. Usipomaliza, kaa nayo."

Kesho yake asubuhi Mboni alichuja maji, akawasha moto, akakielekeza kichwa cha treni mtaani kwao. Alipiga filimbi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nyumba ilirudi kwa kasi ya mkokoteni uliobeba viazi. Wauza soksi walinyanyua meza zao, mwenye duka la dawa alitoka akaelekeza, "Sasa kata kushoto," na watoto wa shule walikaa barazani wakashuka walipofika kwao. Nyumba ilivuka mtaro, ikafika kwenye mabati ya bluu, ikasimama. Mboni alipiga tena. Nyumba ilitetemeka, vumbi likaanguka kutoka darini, lakini haikusogea. Ndani ya mabati zege lilikuwa limeshakauka.

Hamis alitoka kwenye kimlango cha mabati. Alikuwa amevaa kofia ngumu ya njano.

"Shikamoo, shemeji. Naona umemaliza eda salama. Alhamdulillahi."

"Marahaba. Hamis, nyumba inataka kukaa."

"Ikae wapi, shemeji? Si unaona nguzo."

"Ulikuwa unaniambia umeirudisha."

"Ulikuwa ndani ya eda. Mtu wa eda hapewi presha."

"Kila siku nilikuuliza."

"Na mimi kila siku nilikujibu." Hamis alisema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mgonjwa dawa. "Tusitafutiane maneno, shemeji. Nilisema nyumba ya kaka sitaigusa. Nimeigusa? Hesabu bati zako."

Mboni aliitazama nyumba. Mabati yote yalikuwepo.

"Nilikuwa nakutengea chai, Hamis."

"Na ilikuwa chai nzuri. Mungu akulipe."

Mzee Pius aliitwa. Alikuja na mwavuli, akaizunguka nyumba, akayazunguka mabati, akavuta pumzi.

"Mboni, mwanangu, angekuja mtu na nyundo akakubomolea, hapo tungepiga kelele mtaa mzima," alisema. "Lakini hii imetoka kwa miguu yake."

"Nyumba haina miguu, mzee."

"Ndiyo maana kesi yenyewe ngumu. Hati ni ya kiwanja. Kiwanja kilikuwa kitupu, hakuna mjane ndani, ndugu aliyebaki akatia sahihi kijengwe. Nikiulizwa, nitasema nini?"

"Useme ulichoona."

"Nilichoona ni nyumba inapita," Mzee Pius alisema. Kisha akamwomba aisogeze kidogo, maana ilikuwa imeziba njia ya gari la taka.

Mboni aliisogeza mpaka kwenye ukanda wa wazi ng'ambo ya mtaro, mkabala na kiwanja. Huo ukanda ni hifadhi ya barabara. Wiki haikuisha, wakaja watu wa manispaa na kopo la rangi nyekundu, wakachora alama ya X ukutani, karibu na mlango. Walimsalimia vizuri. Mmoja aliomba maji ya kunywa. Walipokuja na greda, Mboni aliwasha moto, akapiga filimbi, na nyumba ikasogea ubavuni mwa greda, nje ya eneo lililoandikwa kwenye karatasi yao. Walipima, wakaona kweli haimo, wakaenda zao. Jioni aliirudisha. Walikuja tena na karatasi nyingine, wakachora X nyingine. Ukuta wa mbele sasa una X nyingi, za zamani zimefifia, na wageni hudhani ni mapambo.

Jioni Mboni hukaa barazani. Mwanzoni alifikiri kinachomuuma ni kiwanja. Baadaye aligundua kuwa anapolala, anachokiona ni mikono yake mwenyewe ikikamua khanga, maji yakidondoka kwenye dumu, masafi, bila hata chembe ya mchanga, ili gololi isikwame. Maji yangekuwa machafu, filimbi ingekoroma, na nyumba isingefika popote.

Mashine ya kukereza ya Shaibu ilikuwa bado uani, imesafiri na nyumba kwenda na kurudi. Mboni aliifuta vumbi, akaanza. Filimbi za kwanza aliziharibu, ya nne ikalia kama panya, na baada ya kuharibu nyingine kadhaa akapata sauti. Nyumba ilimsikia. Mzee Natvarlal alinunua ya kwanza, akawaambia wenzake wa Nairobi na Mombasa, nao wakaanza kuagiza filimbi na vali. Hamis naye alimsifu mbele za watu. Kila Idi alimpelekea nyama, na kila Idi Mboni alimpa Stella ile nyama.

Ghorofa lilipanda. Lilipofika juu kabisa, wafanyakazi walifunga kamba na kupandisha herufi kubwa za bati zenye taa ndani. Mtaa ulitoka kutazama. Waliandika SHAIBU PLAZA.

Watu walikuja kumpa Mboni mkono. Mwenye duka la dawa alisema si ndugu wengi siku hizi wanaokumbuka marehemu namna ile. Mzee Pius alitokwa na machozi kidogo. Hamis alimletea kadi ya mwaliko wa dua ya ufunguzi, akamwomba aje na treni, wageni wafurahi kidogo.

"Hata mara moja tu, shemeji. Ghorofa halitembei, usiwe na wasiwasi."

Mboni hakwenda. Siku hiyo alikuwa na vali za kumalizia. Wakati sauti ya dua inatoka kwenye spika ng'ambo ya mtaro, simu yake ililia. Alikuwa mteja mpya, Elibariki, amefika Dar kutoka Moshi na kichwa cha treni ndani ya boksi, yuko stendi, anaomba kuelekezwa.

"Mwambie bodaboda akulete Shaibu Plaza," Mboni alimwambia. "Wote wanaijua."

"Sawa, mama. Nikifika niingie ghorofa ya ngapi?"

"Usiingie," Mboni alisema. "Mimi nipo nje."